Mstari wa Saa Kumi na Mbili

Kifuniko cha birika kilianza kucheza, kwanza taratibu, kisha haraka haraka, tiki-tiki-tiki, kama meno ya mtu aliyeshikwa na baridi. Subilaga alinyoosha mkono akiwa bado kitandani, akazima jiko. Alfajiri ilikuwa haijapambazuka. Alimimina chai vikombe viwili, na alipokwisha kumimina ndipo alipokumbuka kwamba kikombe cha pili hakina mnywaji. Ilikuwa hivyo kila siku, miezi kumi na moja sasa. Akairudisha ile chai kwenye birika, akajifunga blanketi mabegani, akatoka nje.

Kituo cha hali ya hewa cha Isangala kilikuwa juu ya kilima, kando ya uwanja wa ndege. Nyuma yake palisimama mzinga, sanduku la chuma kubwa kama tangi la maji la shule. Saa kumi na moja na nusu kamili mifuniko yake ilifunguka, na nyuki wa hewa wakaanza kutoka.

Hata aliyewaona mara elfu moja alisimama kuwatazama. Kila mmoja alikuwa mdogo kama punje ya karanga, na mabawa membamba kuliko ganda la kitunguu. Walitoka elfu nne kwa pamoja, wakapanda juu kama moshi, kisha wakajipanga tabaka juu ya tabaka mpaka walipofika mawinguni. Kila nyuki alionja hewa mahali alipo: joto lake, unyevu wake, upepo unakotoka. Habari zote walimpelekea Mnong'onezi.

Mnong'onezi hakuwa mtu. Alikuwa akili unde iliyoziongoza ndege-jiendeshi zote za nyanda za juu. Ndege hizo hazikuwa na rubani, na viwanjani hapakuwa na mtu wa kukaa mnarani na kuzungumza nazo. Mnong'onezi aliziambia moja moja: wewe shuka, wewe subiri, wewe geuza urudi ulikotoka. Watoto waliozaliwa miaka ya karibuni hawakujua kwamba zamani ndege ilikuwa na mtu mbele.

Mchunga nyuki wa Isangala alikuwa fundi mmoja aitwaye Ambakisye. Kila jioni aliwasafisha kwa brashi laini ya kuogeshea watoto wachanga, akiwazungumzisha. Subilaga alipofika mara ya kwanza, mwanafunzi wa uzamivu mwenye masanduku mengi na sweta moja, Ambakisye alimwachia chumba chake chenye dari na kwenda kulala kwenye karakana. Alisema karakana ina joto zaidi. Haikuwa na joto lolote. Subilaga alikuja kuligundua hilo baadaye, alipokwenda kuazima bisibisi akakuta maji yameganda kwenye ndoo. Ndiye aliyekuwa mnywaji wa kile kikombe cha pili.

Julai iliyopita, ndege ya alfajiri ilishuka Isangala ikiwa na watu tisa. Safari za alfajiri zilikuwa zimeanza mwezi mmoja tu nyuma. Kabla ya hapo ndege zote zilifika saa nne, jua likiwa limeshapasha ardhi. Asubuhi ile uwanja ulikuwa umefunikwa na ukungu mzito. Mnong'onezi aliiambia ndege kwamba umbali wa kuona ni kilomita kumi, hapana shida, shuka. Ndege ikashuka pembeni ya njia yake. Watu saba walikufa.

Wachunguzi walikuja na makoti yao, wakakaa siku tatu, wakaandika kwamba nyuki walikuwa wachafu na ndiyo maana hawakuona ukungu. Ambakisye alisimamishwa kazi. Alirudi kwao kungoja uamuzi wa Baraza la Uchunguzi, na Baraza lingekaa Alhamisi. Akionekana na hatia, ni jela. Leo ilikuwa Jumanne.

Subilaga alijua kwamba nyuki hawakuwa wachafu. Kulijua kulikuwa rahisi. Kulithibitisha ndiko kulikomla mwaka mzima.

Tasnifu yake ilihusu ukungu. Setilaiti nyingi huona mgongo wa wingu tu; tumbo lake hazilioni. Kwa hiyo Subilaga alikuwa ametengeneza setilaiti yake mwenyewe katika karakana ya chuo, ndogo kama mkate, akaiita Kengewa. Ilipandishwa na roketi pamoja na wenzake arobaini. Kengewa alikuwa na mwali wa mwanga aliouangusha chini kila alipopita, na mwali ule uliporudi alijua ukungu unaanzia wapi na unaishia wapi, kwa kipimo cha mita moja. Ilikuwa setilaiti changa, bado haijaruhusiwa kuzungumza na ndege. Iliangalia tu, na kuandika.

Kwa msimu mzima wa baridi Kengewa alipita juu ya Isangala alfajiri, na kile alichokiona kilikuwa kile kile: uwanja wa ndege ulikuwa umejengwa kwenye kibonde huko huko juu kilimani, na hewa baridi ya usiku iliteremka na kutulia mle kama maziwa kwenye bakuli. Ukungu ule haukuwa mrefu kuliko nyumba ya kawaida. Juu yake mbingu ilikuwa safi kabisa. Saa mbili ulikuwa umeshakauka, na mtu aliyefika saa tatu asingejua kwamba ulikuwapo.

Mnong'onezi alikuwa na mlango wa kuulizwa maswali, kwa ajili ya watafiti. Subilaga alimwuliza, "Asubuhi ile ya ajali, nyuki walikuambia nini?"

"Waliniambia hewa ya kibondeni imeshiba maji," Mnong'onezi alijibu kwa ile sauti yake ya upole.

"Kwa nini basi hukusema kuna ukungu?"

"Nilipofundishwa, nilipewa madaftari ya waangalizi wa Isangala. Mara mia mbili na kumi na nne waangalizi waliandika kwamba hewa ya namna hii, saa hii, msimu huu, haina ukungu. Nilifundishwa kumwamini binadamu anaposema ameona kwa macho yake."

Subilaga alikaa na jibu lile siku nyingi. Kisha akaenda ghalani kutafuta madaftari yenyewe. Wakubwa walikuwa wameagiza yachomwe tangu zamani, lakini Ambakisye aliyaficha kwenye debe la mafuta kwa sababu aliona mwandiko ni mzuri mno kwa moto. Yalikuwa ya miaka minne tu, miaka ishirini na sita iliyopita, kabla waangalizi hawajaondolewa na mashine kuletwa. Waangalizi walikuwa wawili. Mstari wa saa kumi na mbili asubuhi ulitiwa herufi T.M.; mstari wa jioni ulitiwa A.K.

Msimu wa kwanza wa baridi, T.M. aliandika ukungu mara thelathini na moja. Misimu mitatu iliyofuata karibu hakuandika hata mara moja. Kilomita kumi, kilomita kumi, kilomita kumi, ukurasa baada ya ukurasa. Na ile namba saba ya tarehe, katika misimu ile mitatu, ilikatwa kamstari tumboni, kama saba zote za A.K. Herufi zilikuwa za mtu mmoja, mkono ulikuwa wa mwingine.

Alimpigia msimamizi wake, Profesa Nyambilila.

"Subi, umefanya kazi kubwa," profesa alisema. "Lakini Baraza halitamwachia mtu huru kwa sababu ya saba yenye mshipi. Upande ule wa wenye ndege wana mawakili sita. Niletee mtu aliye hai, aseme kwa kinywa chake na atie sahihi."

T.M. alikuwa Bi Tumwitike, na alikuwa ameshazikwa. A.K. alikuwa Mzee Andongwisye Kasyupa. Alikuwa hai, na aliishi Ngulilo, kijiji kilicho chini ya kilima, mwendo wa saa moja kwa miguu.

*

"Hodi hapa!"

"Karibu, pita! Mlango haujafungwa, umelegea tu kama mwenyewe."

Mzee alikuwa na miaka themanini kasoro mmoja. Alikaa karibu na jiko, blanketi magotini, na pembeni yake ilisimama mashine nyeupe yenye kimo cha mtoto wa miaka mitano, ile ambayo serikali iliwapa wazee wote wanaoishi peke yao. Alikuwa ameivisha kofia ya sufi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wewe si ndiye yule msichana anayerusha mkate angani?"

Subilaga alicheka bila kutaka. "Ndiye mimi, babu."

"Basi kaa. Hapo pana nafasi, sukuma huyo paka."

"Saa tatu na dakika nne," ilisema mashine. "Kidonge cha shinikizo la damu."

"Nyamaza, Karani, nina mgeni." Kisha akamgeukia Subilaga. "Namwita Karani kwa sababu anaandika kila kitu na haelewi chochote. Nikikohoa anaandika. Nikiimba anaandika kwamba nina maumivu."

Alisisitiza kumpakulia mwenyewe. Zilikuwa ndizi za kuchemsha zilizolala na maharage, na akampa bakuli lisilo na ufa, yeye akachukua lenye ufa. Subilaga aliliona hilo. Alikula polepole, kwa sababu kila tonge lilimrudishia swali alilokuja nalo.

"Watoto hawajambo, babu?"

"Wapo wawili. Mmoja yuko pwani. Mwingine yuko huko juu, kwenye karakana ya angani, anachomelea vyombo vinavyokwenda mwezini. Nyumba yake inaizunguka dunia mara kumi na sita kwa siku, nyingine inapita juu ya paa langu, lakini kushuka kunisalimia hapati nafasi." Alicheka kidogo. "Zamani nilikuwa na mgeni wangu wa Jumapili. Nsubisi, binti wa jirani hapo ng'ambo ya migomba, alikuwa nesi. Kila Jumapili alikuja na beseni la maji ya moto ananikata kucha za miguu, maana mimi siwezi kuinama. Hakuwahi kuambiwa na mtu. Aliniona siku moja nachechemea, akajua."

Subilaga aliacha kutafuna. Jina lile alilijua. Lilikuwa la nne katika orodha ya watu saba.

"Nilimbeba kwa mikono hii," mzee akaendelea, sauti imeshuka. "Tulisikia kishindo tukapanda wote, na magoti yangu haya. Nilikuwa sijapanda kile kilima miaka kumi. Blanketi lake ni langu, nilimfunika nalo. Sasa Jumapili mimi ndiye ninayekwenda kwa mama yake. Tunakaa tu. Hatusemi mengi." Akagonga goti kwa kidole. "Yule kijana wa nyuki afungwe. Kazi yake ni kusafisha tu, ameshindwa kusafisha! Mimi nimekaa kazini miaka minne, sikukosa mstari hata mmoja."

Subilaga aliweka bakuli chini. Akafungua mkoba, akatoa daftari.

Uso wa mzee ulifunguka kama dirisha. Alipangusa mikono kwenye blanketi, ya kushoto na ya kulia, kabla ya kuligusa. "Mungu wangu! Nani aliyelitunza?"

"Ambakisye, babu. Yule kijana wa nyuki."

Mzee alimtazama, kisha akarudisha macho kwenye kurasa.

"Naomba kurekodi mazungumzo yetu, babu. Ni kwa ajili ya utafiti, na huenda yakasikilizwa barazani Alhamisi."

"Rekodi, rekodi. Sauti yangu haijatoka nje ya nyumba hii siku nyingi."

"Mstari huu wa asubuhi umetiwa T.M. Lakini saba hizi ni zako."

Mzee alikodoa macho. Kisha akacheka mpaka paka akashuka kwenye kiti. "Umenikamata! Miaka ishirini na sita! Wakaguzi walikuja mara nane, wana miwani minene kama chini ya chupa, hawakuona. Umeona wewe!"

"Ilikuwaje, babu?"

Mzee alivuta blanketi, akakaa vizuri. Lilikuwa jambo ambalo hakuwa amemsimulia mtu, na ilionekana wazi kwamba alikuwa akilipenda.

"Mwenzangu Tumwitike alikuwa na mama yake ndani, bibi kizee ambaye akili ilikuwa imeshaondoka. Mchana alikuwa mtulivu, anachambua mboga. Lakini ikifika saa kumi alfajiri anaamka, anafungua mlango, anakwenda mtoni kumwita mtoto wake aliyekufa maji zamani. Akiwa na nguo moja tu, katika baridi hii! Mara mbili tulimkuta ndani ya maji. Sasa Tumwitike saa kumi na nusu anatakiwa aanze kupanda kilima, ili saa kumi na mbili atazame hewa na kutuma taarifa. Na sheria ilikuwa ukikosa mistari mitatu, huna kazi. Mume hana, shamba hana. Nikamwambia, dada, wewe kaa na mama, upande saa tatu akishatulia. Mstari wa asubuhi niachie mimi."

"Ukawa unapanda wewe."

"Wiki ya kwanza nilipanda. Lakini zamu yangu ya jioni iliniacha huko juu mpaka saa tatu usiku; nashuka, nalala kidogo, napanda tena. Siku ya nane nilianguka njiani, goti likavimba. Vipimo vya joto na unyevu vilikuwa vinajiandika vyenyewe. Kilichobaki ni macho tu. Nikasimama pale mlangoni nikajiambia, Andongwisye, macho unayo hata hapa. Njoo uone."

Alimshika mkono, wakaenda mpaka mlangoni. Asubuhi ilikuwa nyeupe na kavu. Juu kabisa, pale kilima kinapokatiza mbingu, ulionekana mlingoti wa uwanja wa ndege, na kwenye ncha yake taa nyekundu. Uwanja wenyewe haukuonekana. Ulikuwa ng'ambo, kibondeni.

"Nikiiona taa ile, naandika kilomita kumi," mzee alisema. "Nisipoiona, naandika ukungu. Kila siku saa kumi na mbili kamili nilisimama hapa hapa, mvua au baridi. Natuma kwa simu, na mchana nikipanda naandika daftarini kwa herufi zake. Misimu mitatu. Wakubwa hawakujua, na mama yake Tumwitike alikufa kitandani kwake, siyo mtoni. Herufi hazikuwa zangu, nakubali. Lakini sikudanganya hata siku moja, mjukuu wangu. Nilichokiona ndicho nilichokiandika."

Subilaga aliitazama taa. Alikuwa ameuona mlingoti ule katika picha za Kengewa mara nyingi, kichwa chake kimetokeza juu ya ukungu kama mtu anayevuka mto, na chini yake mita mia tatu za uwanja zisizoonekana kabisa.

Kinasa sauti kilikuwa mfukoni mwake. Alikuwa na kila alichokuja kukitafuta, kwa kinywa cha mtu aliye hai. Ilibaki sahihi tu, na mzee angeitia huku akicheka. Angeweza kuaga, kupanda njia ya mawe, na kuwaachia watu wa Baraza wamwambie yaliyobaki, au redio, au majirani. Alifikiri hivyo kwa muda wa kutosha kuona aibu.

"Babu," alisema, "turudi ndani tukae."

Alimweleza kama alivyoelezwa yeye na wazazi wake habari za msiba alipokuwa mdogo, bila kuzunguka. Alimwambia habari za kibonde, na hewa baridi inayoteremka usiku. Alimwonyesha picha za Kengewa, na nyingine za zamani zilizopigwa na setilaiti za wakati ule, tarehe zile zile za daftarini, zenye ulimi mweupe juu ya uwanja. Alimwambia jinsi Mnong'onezi alivyofundishwa, na jibu alilolitoa. Nyuki walikuwa safi na walisema kweli. Mashine iliwasikia, ikapima maneno yao na maneno ya mwangalizi, ikamchagua mwangalizi.

Mzee alisikiliza mkono ukiwa juu ya daftari.

"Wiki ile niliyopanda alfajiri haukuwapo, na baada ya hapo nilifika kule kila siku saa nane mchana," alisema mwishowe. "Uwanja mkavu. Sikuwahi kuuona."

"Najua, babu."

"Lakini Tumwitike aliujua. Msimu wa kwanza alikuwa anakwenda mwenyewe. Mbona hakuniambia?"

Subilaga alifungua ukurasa mmoja, akauinamisha upande wa mwanga. Pembeni ya mstari wa saa kumi na mbili palikuwa na maneno ya penseli yaliyofutwa. Yalisomeka kwa shida: *huenda ukungu bondeni*. Akafungua mwingine, na mwingine. Yalikuwapo mahali saba au nane, yameandikwa kwa mkono mdogo wa kike, na kila mahali yamefutwa.

"Alijaribu," Subilaga alisema. "Nadhani hakuthubutu kukusahihisha. Ulikuwa umembebea mzigo wake."

Mzee alipitisha kidole juu ya maneno yale. Nje jogoo wa jirani aliwika bila saa. Paka alirudi kitini.

"Kwa hiyo Nsubisi nimemwua mimi."

"Babu, si hivyo. Aliyemfundisha Mnong'onezi hakuja kuuliza daftari liliandikwaje. Walioanzisha ndege ya alfajiri hawakulala hapa hata usiku mmoja. Na..."

"Nimekuuliza habari zangu mimi. Hao wengine wataulizwa na wenzao."

Subilaga alitafuta neno lililo kweli na lisiloumiza, akakosa. "Kilomita kumi zile zimo ndani ya ajali," alisema. "Siwezi kukuambia hazimo."

Mzee alitikisa kichwa polepole kukubali, kama mtu aliyepewa chenji yake kamili. "Asante kwa kunitendea kama mtu mzima. Wangekuja wengine wangenipa biskuti." Akavuta pumzi. "Na yule kijana, Ambakisye. Nimemsema kila Jumapili kwa mama wa watu. Mwaka mzima. Nimemwambia mama yule amchukie, na amemchukia. Lete karatasi."

"Midundo ya moyo imepanda," ilisema mashine. "Je, una maumivu?"

"Ndiyo, Karani," mzee alijibu. "Leo andika."

Aliandika mwenyewe, kwa mwandiko ule ule ambao Ambakisye alishindwa kuuchoma. Kurasa mbili zilijaa. Mahali pamoja alisimama.

"Tumwitike nimtaje?"

"Herufi zake zimo daftarini, babu. Watauliza."

"Basi naandika kwamba yeye hakuniomba. Ni mimi niliyesema niachie. Hilo waliandike kama lilivyo." Akatia sahihi, akaikunja karatasi mara mbili, akampa kwa mikono miwili. "Alhamisi wanitumie gari. Nitasema mbele yao. Karatasi haiwezi kuulizwa maswali."

"Nitakuja na gari mwenyewe asubuhi."

"Hiyo ni kazi," mzee alisema, naye akasimama. Alikwenda ndani akarudi amevaa koti la kwenda kanisani na viatu visivyofungwa kamba. Subilaga alipiga magoti akamfunga. Kucha za miguu zilikuwa zimetoboa soksi.

"Unakwenda wapi, babu?"

"Ng'ambo ya migomba. Asisikie redioni."

"Nikusindikize?"

"Mpaka pale njia inapogawanyika. Pale ndani niingie peke yangu."

Walitembea taratibu. Wanawake wawili waliokuwa wakichuma chai walimsalimia mzee kwa sauti, wakimtania juu ya koti: leo Jumanne unakwenda kuoa? Aliwapungia mkono. Mmoja wao aliacha kikapu chake akamletea parachichi mbili, akazitia kwenye mfuko wa koti, akarudi mbio kwenye kazi yake. Mzee alisimama akiushika mfuko ule.

"Nsubisi alikuwa mtoto wa dada wa huyu mama," alisema.

Palipogawanyika njia, ilionekana nyumba yenye paa la bluu, na mwanamke amekaa barazani akipepeta mchele. Aliinua uso, akamwona mzee, akaanza kusogeza ungo ili papatikane mahali pa kukaa. Mzee alimtazama Subilaga. Machoni hapakuwa na machozi. Palikuwa na haraka, kama ya mtu anayechelewa zamu.

"Kuanzia leo, mjukuu wangu, mlango wangu hautagongwa na watu wa hapa. Na siwalaumu, mimi ningefanya vile vile. Karani atabaki, lakini Karani hali ndizi." Alijaribu kutabasamu, ikashindikana. "Alhamisi utakuja kwa ajili ya Baraza, najua. Mimi nasema baada ya hapo. Ukimaliza huo uzamivu wako, wamekupa kofia na kila kitu, huna tena cha kuniuliza. Utakuja tena?"